Karatasi ya Mahudhurio na Kaburi la Mama

Mzambarauni, njia ya Mkange,
Bagamoyo.
Ijumaa, 6 Februari 2026

Mpendwa mdogo wangu Mwanamvua,

Assalaam alaykum. Marahaba, maana najua shikamoo umeshanipa kabla hujafungua bahasha. Goti linaendeleaje na viyoyozi vya huko Maskati? Shemeji Saleh hajambo? Sisi wazima. Mimi ndiyo usiseme, juzi nimepalilia mihogo mpaka vijana wakaomba kupumzika.

Barua hii naandika mwenyewe, kwa herufi za kisomo cha watu wazima, siku ya pili leo. Kwenye simu ungenikatiza.

Uliniambia mwezi wa kumi na moja, kaka nyamaza, zama mbaya hizi. Kweli zilikuwa mbaya. Baada ya uchaguzi watu waliogopa, barazani tukazungumza mpira tu, tena kwa kunong'ona. Katika kimya hicho mwenyekiti Dadi akatuita mkutanoni, akaleta wageni na soda, akazungusha karatasi ya mahudhurio. Watu wakatia saini, wengine dole gumba. Kumbe karatasi ile ile wakaibandika kwenye muhtasari, ikawa kijiji kimeridhia kumpa mwekezaji shamba lote la bondeni, minazi na makaburi, mama yetu humo humo.

Hatukujua mpaka Shaabani hii, tulipokwenda kufyeka makaburi kabla ya Ramadhani kama desturi. Kichwani kwa mama tukakuta kigingi cha wapima. Nikaking'oa kwa mkono mmoja! Nikataka kwenda kwa Dadi na panga langu. Ashatu, binti wa marehemu mdogo wetu Mikdad, akanishika kanzu.

"Baba mkubwa, panga liache hapa. Ukikamatwa wewe, wao ndio watapata la kusema. Twende wote tukadai tusomewe muhtasari wa ule mkutano wa soda. Ni haki yetu."

Sikupenda kuamrishwa na mtoto niliyembeba mgongoni. Lakini nilikwenda.

Mwanamvua, ungeona! Wanawake walitandika mikeka mbele ya ofisi ya kijiji, wakaketi wanapepeta mchele kwenye nyungo zao. Hawatukani mtu, hawaondoki. Siku ya tatu akaja afisa wa wilaya kutoka mjini na muhtasari wenyewe, akasoma majina. Kufika kwangu akakwama.

"Mzee, hii mikwaruzo gani?"

Mikwaruzo! Mimi dole gumba sitii, unanijua. Siku ile kalamu iliponifikia niliandika kwa herufi za Kiarabu, kama baba alivyotufundisha chuoni. Akaitwa Mwalimu Bilali wa madrasa, akasoma kwa sauti: "Pazi bin Mwinyijuma. Nimekuja kusikiliza. Kukubali sijakubali."

Watu wakacheka, halafu mmoja akasimama: "Hata mimi sikukubali!" Bibi mwingine: "Mimi nilisaini soda!" Uwanja mzima ukalipuka. Dadi jasho likamtoka, akakiri kura haikupigwa. Afisa akaamuru mkutano urudiwe.

Jana umerudiwa. Walipoulizwa wanaoridhia wanyooshe mikono, hakunyoosha mtu, na Dadi mikono yake kaificha ndani ya kanzu. Nimechaguliwa kamati ya ardhi, jina la kwanza, muulize yeyote.

Nikwambie la moyoni. Yale maneno niliyaandika kwa kiburi tu, kuwaonyesha wageni nami nimesoma. Aliyetutoa woga ni Ashatu. Usimwambie nimesema. Ila mimi mzee huyu, tangu uchaguzi ule, jana ndiyo nimelala usingizi wa kweli.

Wilayani hawajatupa jibu la mwisho. Sasa tunaandika orodha ya wote wenye wazee wao makaburini, tuipeleke. Mimi nimeandika, Ashatu ameandika. Chini ya jina langu nimeacha mstari mtupu, nimemkataza kila mtu kuugusa. Niletee karatasi yenye jina lako, kwa mkono wako, tuibandike hapo.

Msalimie shemeji Saleh na mpwa wangu Ruwaida. Mwalimu Bilali anakusalimu. Mola akuponye goti na aturuzuku Ramadhani njema, tuliopo na mlio mbali.

Wako akupendaye, kaka yako asiyejua kunyamaza,

Pazi bin Mwinyijuma