Nimepata Ufadhili, Lakini Naitwa Tunu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako haraka, maana Ijumaa saa kumi ndiyo mwisho wa kujibu na mimi nimebaki njia panda. Nina miaka ishirini na tisa, ni mtunza stoo ya dawa hospitalini, na kwa miaka sita nimekuwa nikiona dawa zinapitwa na muda kwenye rafu zetu huku wagonjwa wa zahanati za mbali wanaambiwa dawa hakuna, ndiyo maana niliomba kusoma shahada ya uzamili ya biashara, nijifunze ugavi, mzigo ufike unapotakiwa kabla haujaharibika.

Nimekubaliwa vyuo viwili. Cha kwanza ni kidogo, kipo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ngazi zake zinanuka rangi, kinafundisha ugavi jioni na kimenipunguzia nusu ya ada. Cha pili ni kile ambacho ukikitaja watu wanakaa sawa kwenye kiti, na huko nimepata ufadhili wa kila kitu, ada, vitabu, chakula na malazi, unaotolewa na mama mmoja mjane aliyefiwa na binti yake wa pekee akiwa mwanafunzi hapo. Masharti ni mawili tu: nisome uwekezaji, kozi aliyoiacha marehemu, na nikae nyumbani kwa huyo mama.

Jumamosi mchana nikaenda kujitambulisha. Mlinzi alifungua geti kabla sijabisha, akasema, "Leo umechelewa," nikadhani amenifananisha. Mama mwenyewe ni mpole, mshauri, hana baya, alinishika mkono akanipeleka chumbani kwa marehemu, kitanda kimetandikwa, dirisha liko wazi, ndala ziko chini zimebonyea mahali pa vidole, akaniambia nivue viatu nipumzishe miguu, nikazivaa, na kila kidole changu kikaingia kwenye shimo lake kama vile mimi ndiye niliyezichakaza.

Mezani kulikuwa na daftari la masomo. Kurasa za kwanza ni mwandiko wa marehemu, umelala kushoto, halafu katikati ya sentensi mwandiko ukabadilika na kuendelea, mbele ukabadilika tena, na kadiri nilivyofunua ndivyo kila mwandiko mpya ulivyozidi kulala kushoto mpaka ukafanana na ule wa kwanza. Sentensi ya mwisho haikuwa imekwisha. Kalamu ilikuwa imelazwa hapo hapo.

"Mama, hawa walioandika humu ni akina nani?"

"Waliopata ufadhili kabla yako. Wawili."

"Sasa wako wapi?"

Akanitazama kama nimemfanyia mzaha. "Wapi tena, Tunu? Si uko hapa?"

Tunu ndilo jina alilokuwa akimwitia binti yake. Na mimi, mshauri, nikaitika, "Abee, mama."

Nilipomsimulia mama yangu mzazi, ambaye ni fundi cherehani, alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Kuitwa jina jingine kunauma wapi? Mimi wateja wananiita Fundi miaka ishirini, nimekufa?" Pengine anasema kweli. Lakini Jumatatu bosi wangu, mfamasia mkuu, aliniita mara tatu nikiwa hatua mbili kutoka kwake, sikusikia, na nilipotazama orodha ya dawa niliyokuwa naandika, herufi zote zilikuwa zimelala kushoto. Nifanye nini?

Mtunza Stoo

MSHAURI ANAJIBU

Mtunza stoo, pole sana. Sasa nikugombeze. Umekwenda kwa watu, umevaa ndala za marehemu, umeitika jina lisilo lako, halafu bado unapima chuo kipi kina sifa? Hicho chenye jina kubwa hakikupi ugavi unaoutaka. Hata kama nyumba ile ingekuwa na maua matupu, jibu lingekuwa hilo hilo.

Lakini kuna jambo ni lazima nilikiri. Miaka minne iliyopita binti mmoja aliniandikia kuhusu geti hilo hilo na daftari hilo hilo. Alitaka kujifunza kuendesha karakana ya samani ya baba yake. Nilimjibu kwa kujiamini kabisa kwamba mchagua jembe si mkulima, aende. Akaenda.

Mwaka jana alikuja ofisini kwangu. Alifaulu vizuri mno. Siku ya mahafali jina lake lilisomwa mara mbili, ukumbi mzima ukasubiri, naye amekaa tu anashangaa ni nani huyo asiyeinuka. Ndipo yule mama, kutoka safu ya nyuma, akaita taratibu, "Tunu." Akasimama. Karakana imefungwa, baba yake alichoka kumsubiri. Nyumba ile ina nini, sijui, na sitajifanya najua. Yule mama naamini hana nia mbaya, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo andikia chuo kikubwa kwamba unashukuru na huchukui nafasi. Mwandikie mama yule barua ya heshima, uitume, usiende kumuaga. Chuo kidogo waombe ulipe nusu iliyobaki kwa awamu. Kisha ingia kwa huyo mfamasia mkuu, umweleze habari ya dawa zinazoharibika kama ulivyonieleza mimi, uombe hospitali ichangie nawe uahidi kubaki kazini miaka miwili. Mama yako mheshimu, ila katika hili usimfuate.

Nimezungumza na yule binti, amekubali nikupe namba yake. Utaikuta kwenye bahasha niliyokutumia. Mpigie kabla ya Ijumaa. Akipokea, mwite kwa jina lake, na akinyamaza usikate simu. Mwite tena. Kuna siku inamchukua muda kujua ni yeye.