Dada wa Kwenye Rekodi

Obonyo, nashika kalamu kwa shida, viganja vinawaka moto!

Nimetoka sasa hivi kwa Kapteni Adriko, jirani yangu hapa Kyebando. Ana ile gramafoni aliyoichukua Wahindi walipofukuzwa. Kaniita nisikilize rekodi mpya za roki. Mimi, wa kusikiliza redio nikipika tu!

Ya kwanza, gitaa linakohoa kama lori lililokataa kuwaka. Nikasema nzuri.

Ya pili ndiyo balaa. Kisauti chembamba, kinakimbia kama kinafukuzwa. Kapteni kafumba macho! "Cleopas, hii dada naimba mpaka roho nauma." Wageni wenzangu wote: ndiyo afande, ndiyo afande.

Na mdomo wangu huu! Nikasema, afande, mashine inazunguka kasi mno. Nikapunguza. Obonyo, likatoka dume, zito kama fahali!

Kapteni kafumbua macho.

"Dada iko wapi?"

Nikasema, afande, alikuwa mwanamume tangu mwanzo.

"Nauliza, dada iko wapi?" Mkono uko kwenye bastola! Kwa ajili ya rekodi!

Nikarudisha kasi. Dada akarudi. Wote wakapiga makofi.

Aliyepiga kuliko wote ni mimi.