Mkia wa Kondoo wa Kisaju

Kitengela, Jumapili

Ati chakula ni dawa. Hivyo ndivyo mama mmoja wa mambo ya lishe alivyomwambia mke wangu Rose kanisani, baada ya daktari kunipima na kukuta kolesteroli, mafuta ya kwenye damu, imepanda, na tangu siku hiyo nakula kama sungura. Asubuhi uji wa wimbi bila sukari, mchana maharagwe na mchicha. Tena nisikasirike, maana hasira nayo ati inapandisha kolesteroli. Mtu ananyimwa mayai halafu anaambiwa atabasamu!

Leo mwenye nyumba wetu, Mzee Lemayian, alitualika kwake Kisaju. Alichinja kondoo, akaniwekea mkia mbele yangu, mafuta matupu yanayong'aa. Heshima ya mgeni. Rose alinitazama kama askari wa trafiki.

"Nisamehe, Mzee," nikasema. "Daktari amenikataza mafuta."

Nilidhani nimemtusi. Kumbe alicheka mpaka akakohoa. "Hata mimi nimekatazwa! Nilikuwa nakungoja wewe uanze, ndio nami nipate kisingizio."

Mke wake alisikia. Mkia ukaondoka mezani, tukabaki wanaume wawili wazima tukitafuna kabichi.

Tulipofika nyumbani nilimwambia Rose jambo nililoficha wiki tatu: nikipanda ngazi za ofisi, kifua kinanibana. Nikangoja mahubiri. Hakuhubiri. Alikaa chini na kitambaa chake cha kanisani bado kichwani, akalia.

Kesho asubuhi ananipeleka hospitali yeye mwenyewe. Nimetafuta neno la kumcheka hapa, nimelikosa. Ninaogopa.