Mkunga wa Nefta Anayetaka Kuhamia Penye Ngurumo

Mpendwa Lalla Dalenda wa safu ya ushauri gazetini, nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujaniita mwendawazimu, maana hapa Nefta, ukingoni mwa jangwa, wameshaniita.

Mimi ni mkunga mstaafu, mjane wa miaka sitini na mmoja, na ninachotaka ni kuishi mahali panaponyesha mara kwa mara, tena mvua yenye ngurumo, si manyunyu, na hamu hii si ya jana, niliipata usichanani nilipopangiwa kazi Ain Draham, milimani kaskazini, ambako alasiri moja nilimzalisha mwanamke huku mvua ya mawe ikigonga vigae na radi ikipiga mlima wa pili, naye akacheka katikati ya uchungu, akasema mtoto wake anapigiwa ngoma, kisha nikaolewa na Hedi, nikarudi huku kwenye mitende na vumbi, nikakaa miaka thelathini na tatu nikitazama mawingu yanavyopita bila kutupa hata tone.

Sasa penye mzigo ni hapa. Miaka sita iliyopita mvua ilikuja kweli, Hedi akiwa njiani anarudi na gari kutoka kwa ndugu yake, na matone ya kwanza yalipoanguka nilitoka uani nikasimama, nikalowa, nikafurahi kama mtoto, simu nimeiacha ndani, sikukumbuka kumpigia asivuke korongo, na korongo likashuka na maji likamchukua. Sijamwambia mtu, hata mwanangu Lotfi, ambaye tangu siku ile wingu likitanda tu anafunga madirisha.

Novemba nilimdanganya Lotfi kwamba daktari kaniagiza hewa ya milimani, nikaenda Ain Draham siku tisa kwa Wassila, mkunga mwenzangu wa zamani, ikanyesha siku saba, barabara ikafungwa na maporomoko, umeme ukakatika, magoti yakanivimba, na mimi nikapata usingizi ambao sijaupata tangu nimzike mume wangu. Wassila amenitafutia nyumba mbili za kupanga: moja kileleni, ambako unaziona radi zote, nyingine chini Tabarka, ufukweni, ambako baridi si kali. Lakini Lotfi alimwuliza daktari, uongo ukafichuka, akaniambia mbele ya mkewe, "Mvua ilimchukua baba, na wewe unaifuata nyumbani kwake?" Tangu hapo ananisalimu na kuondoka.

Kuhama nitahama, hilo nimeshaamua. Niambie ni wapi, na kama mwanamke aliyeifurahia mvua iliyomuua mumewe ana haki ya kuitamani tena.

Mabruka, Nefta

*

Dada Mabruka,

Nianze na la mwisho. Hukumuua Hedi. Ulifurahi kwa sababu hukujua, na aliyekuwa barabarani aliliona wingu kama wewe. Pole kwa miaka sita ya kulibeba peke yako.

Lakini kumsingizia daktari! Wewe uliyewaambia wanawake wangapi ukweli mchungu wakiwa kitandani, ukashindwa kumwambia mwanao mmoja? Ndiyo maana sikusubiri gazeti. Nilikupigia simu Jumatatu, nikakuamuru umketishe Lotfi umwambie yote, uani, matone, na simu iliyobaki ndani. Ulinung'unika, ukatii. Jana umenieleza alivyojifuta uso, akasema, "Mama, siku ile na mimi niliwatoa watoto wacheze. Nilikuwa napiga makofi." Kumbe mlikuwa wawili, kila mmoja anajihukumu upande wake wa ukuta. Kwa wasomaji walio katika hali hii: semeni mapema.

Sasa nyumba. Ya kileleni isahau. Ukiziona radi zote, ujue nazo zinakuona. Tabarka nayo iache kwanza, bahari hukuiomba. Tafuta ya tatu, Ain Draham mjini, isiyo na ngazi, karibu na zahanati na Wassila, yenye jiko la kuni. Ikague mvua ikinyesha, utazame dari, maana jua likiwaka kila paa ni zuri. Uliza kama paani ina fimbo ya chuma ya kukinga radi, na fundi akuonyeshe kwa kidole waya unapoingia ardhini. Ngurumo zikianza uko ndani, vyombo vya umeme umevichomoa, na huo ushamba wa kusimama nje ulowe uumalize leo.

Panga kuanzia Januari mpaka Machi tu. Siku tisa za kupikiwa na rafiki hazijakufundisha kuishi huko, na magoti yako lazima yaulizwe. Yakikataa, hapo ndipo uteremke Tabarka. Nyumba ya Nefta usiiuze, ufunguo mwachie mwanao.

Umeniambia Lotfi amejitolea kukuendesha mpaka huko, ila anaogopa njia ya milimani ikinyesha. Mwambie ruksa kuogopa, bora aendeshe polepole. Wewe nunua buti na soksi za sufu wiki hii, umpigie Wassila atafute nyumba, uende ukanyeshewe, ukiwa chini ya paa.