Jina Tupu

Tottori,
2 Februari

Mwanangu Chizuko,

Nakusalimu, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta u mzima na kile kikohozi kimekwisha. Mimi na Mizuho hatujambo. Theluji imefika dirishani, na goti langu linanisumbua kama kila mwaka.

Picha ya chumba ulichomwandalia binti yako Mizuho huko Osaka nimeiona. Ni chumba kizuri. Nimesikia pia kwamba shule mpya imekubali kumpokea mwezi wa Aprili. Hata hivyo, nina habari ambayo napenda uisome ukiwa umeketi.

Darasani kwa Mizuho yuko kijana aitwaye Daigo Nozue, mwana wa muuza samaki. Ndiye kiongozi wa washangiliaji wa shule, na hajui kusema kwa sauti ya chini. Mizuho hulenga shabaha kwa upinde, naye ni mkimya kuliko upinde wenyewe. Katika mashindano ya vuli kijana huyo alimshangilia kabla hajaachia mshale, akatolewa ukumbini. Alikuja hapa kuomba radhi, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, kisha akala wali bakuli tatu. Tangu hapo huja kila Jumamosi kusoma, au tuseme kusomewa.

Sikumpenda. Aliniambia, "Babu, huyu mjukuu wako ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi." Mizuho akaomba radhi. Kijana akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Unajua kwamba Mizuho humwita kila mtu kwa jina la ukoo na neno la heshima, hata wenzake wa darasani. Mimi niliyefundisha sarufi maisha yangu yote nilijivunia jambo hilo. Jumamosi iliyopita kijana alikuwa akipiga kelele kwamba siku ya Mizuho kuhamia Osaka ataleta kikosi kizima cha washangiliaji stesheni, na ngoma juu yake. Mizuho akasema, "Daigo, nyamaza. Hata paka amehama." Jina tupu, bila ukoo, bila heshima. Masikio ya kijana yakawa mekundu, akaaga mapema, kwa sauti ya chini.

Nilimsahihisha Mizuho. Nilimwambia kwamba amekosea namna ya kumwita mtu. Akaweka kikombe chini, akanijibu kwamba hakukosea. Hajawahi kunijibu hivyo. Nikamuuliza kama kijana mwenyewe anajua maana yake, kwamba jina tupu huachiwa mtu wa moyoni. Akasema kwamba sasa anajua. Ndipo akalia, akaniambia kwamba hataki kuhama, kwamba amebakiza mwaka mmoja tu wa shule na anataka kuumalizia hapa. Ulipomuuliza alikubali kwa sababu ulikuwa umekwisha kununua mapazia.

Hajakuchoka, Chizuko. Anakuhurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo. Nami nakiri kwamba niliposikia hayo nilifurahi, kisha nikaona haya, kwa kuwa najua unavyorudi jioni katika nyumba isiyo na mtu.

Aliniomba nikuandikie kwa niaba yake kwamba hatakuja. Nimekataa. Nimekueleza yaliyotokea tu. Ombi ni lake. Atakupigia simu Jumapili baada ya chakula cha jioni. Atakawia kuanza, na wewe una tabia ya kummalizia sentensi. Safari hii mwache amalize mwenyewe.

Nisalimie mwenye nyumba wako, na ukitoka asubuhi jifunge shingo vizuri.

Ni mimi baba yako,
Tetsuro Kuwabara