Mzike Shujaa Wangu

Tulia, kaka yako Humphrey kapigwa. Na nani? Melkiori! Melkiori wa kwaya!

Walikuwa hapa kwetu Richfield, huku ughaibuni, na ule mchezo wao wa mashujaa wa Ugiriki ya kale, ramani mezani, dadu, visanamu. Shujaa wa Humphrey akamchoma mkuki shujaa wa Melkiori, akamkata kichwa.

Melkiori wala hakukasirika. "Sawa, umeniua. Sasa nizike." Maana kwenye nchi ile ya mchezo, asiyezikwa roho yake haivuki mto wa kuingia kuzimu, inatangatanga tu ukingoni.

Humphrey akacheka. "Mwache aliwe na mbwa."

Aliwe na mbwa, Tulia! Anamwambia Melkiori, wiki hii!

Meza ikapinduka. Ngumi ya kwanza pua, ya pili mdomo, damu mpaka kwenye ramani. Melkiori akamkaba koo, anamgongesha ukutani, anafoka, "Mzike! Mzike!" Isack, mchezaji mwenzao, anamvuta, "Kaka, ni plastiki tu hiyo!"

Melkiori hakuwa anamsikia. Alichosikia ni cha Jumamosi: udongo ukidondoka juu ya jeneza la baba yake kule Rombo, naye kasimama kwenye maegesho ya kazini, simu sikioni, makaratasi hayamruhusu kusafiri.

Akaanza kulia huku bado anakaba. Hapo ndipo Humphrey akaelewa. Alipoachiwa, damu inamchuruzika, akachota udongo kwenye chungu changu cha maua, akaunyunyizia juu ya kile kisanamu.

Melkiori, ngumi bado kaikunja, akasema, "Ongeza."