Mkia wa Joka Uliishia kwa Mama Goreth

Fiston, rafiki yangu,

Kaburini nimeshindwa kuja. Ningesimama pale nikuambie nini? Bora niandike, karatasi hainitazami usoni.

Siku ya kuondoa msiba wako watu walijaa uani kwenu, mtaani Ngagara. Wazee waliposema maneno yao, nikasikia nyuma yangu Mama Goreth, jirani yenu, akimnong'oneza mwenzake: "Huyu kijana tulimuona na kamba. Alikuwa anapima manyumba yetu. Nani alimutuma?" Unajua mji wetu ulivyo sasa. Neno kama hilo, la upelelezi, likitoka mdomoni, kesho linabisha mlangoni kwa watu. Baba yako alilisikia. Akanigeukia mimi, maana kila Jumamosi nilishinda kwenu tukicheza.

"Spès, mwanangu alikuwa anapima nini?"

Jibu nilikuwa nalo, Fiston. Lakini ningesemaje mbele ya padri na wazee kwamba mwanafunzi wa uhandisi alikuwa anapima joka? Joka la mchezo wetu wa kete na hadithi, ambalo halipo! Niliogopa kuchekwa. Nikasema, "Sijui, baba." Akainamisha kichwa. Wenye bunduki walikuua njiani pamoja na abiria wenzako, halafu mimi nikakuzika tena, na jina chafu.

Baada ya hapo nilirudi nyumbani. Nilikuwa nakusikia wewe tu. Kile kitabu cha mchezo, alichokileta mjomba wako toka Ubelgiji, kilisema joka changa ni kama mbwa, lililokomaa kama lori, zee kama nyumba. Ukauliza, "Nyumba gani? Ya Ngagara ao ya matajiri wa Kiriri?" Sisi tukacheka. Wewe hukucheka. "Kama hatujue ukubwa yake, tutaikimbia namna gani?" Ndipo ukachukua kamba, ukatutoa nje kupima joka zee.

Jumapili, baada ya misa, nilienda kwa baba yako. Nikamwambia yote, macho chini. Hakucheka wala hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Akaleta kamba. Akashika ncha moja langoni kwenu, ulipoiweka pua ya joka siku ile, nami nikatembea na ya pili, watu wakitazama, jasho likinitiririka. Mkia ukaishia kwa Mama Goreth. Akatoka, mikono kiunoni.

"Alikuwa anapima hii," nikamwambia mbele ya wote. "Mnyama wa mchezo. Nilijua, nikanyamaza."

Akaifuata kamba kwa macho hadi kwa baba yako. "Yote hii mnyama mumoja?" Kisha akakaa kizingitini, akajifunika uso kwa kitenge.

Baba yako akaita toka kule mbali: "Na mabawa? Mulipima mabawa?"

Hatukuyapima. Nikanyoosha mikono kumwonyesha, lakini haikufika upana wa mabawa. Akaacha kamba, akanyoosha na mikono yake.

Lala, rafiki yangu. Aibu bado ninayo, na sikuombi uniondolee. Ila jina lako likichafuliwa tena mbele yangu nitasema, hata mji mzima ukinicheka.

Wako,
Spès